Wajukuu wa Kiangazi

Watu wengi hufikiri kwamba mzee aliyestaafu yuko likizoni mwaka mzima. Mimi nilifundisha katika shule za msingi kwa miaka 36, na tangu nilipoweka chaki chini nimeona kwamba sivyo. Mstaafu hana likizo. Ana siku nyingi tu, nazo zinafanana. Likizo huja nyumbani kwangu mara moja kwa mwaka, mwanzoni mwa Julai, shule zinapofungwa. Huja na mabegi, na njaa, na kelele za watoto, kisha huondoka mwanzoni mwa Septemba masomo yanapoanza tena. Ni juu ya miezi hiyo miwili ninapenda kuzungumza nanyi, kwa maana wengi wenu, mwaka huu pia, mtatumwa kwa babu na nyanya zenu, na baadhi yenu mtakwenda bila kujua mnakwenda kufanya nini.

Ninaishi Kirungu, mji mdogo ulio juu ya bandari ya Moba, mahali nchi inapopanda kutoka Ziwa Tanganyika kuelekea milima ya Marungu. Vitabu vya zamani huuita Baudouinville, jina lililotolewa na wamisionari walioanzisha misheni mwaka 1893. Hapa ndipo Stefano Kaoze, padri wa kwanza Mkongomani wa nyakati zetu, alipopata upadri mwaka 1917; naye kabla ya siku hiyo alikuwa amekwisha kuandika juu ya fikra na desturi za watu wake. Leo mji wetu ni mtulivu. Ni mdogo kiasi kwamba mtu akikohoa usiku, asubuhi jirani humwuliza hali yake. Soko ni moja, barabara za vumbi ni chache, na simu huchajiwa kwa malipo katika duka lenye paneli za jua. Anayetafuta mtandao hupanda kwenye kilima, husimama penye jiwe lile lile wanaposimama wote, na habari zake za siri husikiwa na nusu ya mtaa.

Kiangazi chetu ni cha baridi. Upepo wa kusi huvuma ziwani tangu Mei, nyasi hukauka, na moshi wa mapori yanayochomwa huchanganyika na ukungu hata ng'ambo ya ziwa, iliko Tanzania, isionekane kabisa. Wajukuu wanaotoka mjini hushangaa kila mara. Huja na nguo za joto la mjini, na usiku wa kwanza hulala wamejikunja chini ya mablanketi yetu yote.

Mwaka jana walikuja wanne. Watatu walitoka Kalemie kwa mashua. Wa nne, aliye mkubwa kuliko wote, mwenye miaka 17, alitoka Lubumbashi kwa treni hadi Kalemie, kisha akaungana na wenzake majini. Walipofika, mke wangu alimpokea mvulana huyo kwa utani wetu wa siku zote: "Karibu, bwana yangu! Yule mzee pale nimemchoka." Nami nikampokea mjukuu wangu wa kike wa miaka 15 kama mke wangu mdogo, nikamwambia kwamba mahari yake ni ndoo tano za maji. Walicheka. Siku mbili walikula na kulala. Wahenga wamesema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu niliwapa majembe.

Hamtakuta kwangu mtu anayelia juu ya umaskini wake, lakini mjue kwamba jembe ndilo pensheni yangu ya kweli. Tuna shamba la mihogo, mistari michache ya maharagwe karibu na maji, na michikichi kadhaa inayotupa mawese. Mjukuu anayekuja kwetu hawezi kuwa mgeni kwa miezi miwili, kwa sababu chakula atakachokula kingali ardhini. Jambo hilo peke yake ni somo ambalo sikuweza kamwe kulitoa ubaoni.

Wiki ya kwanza tulichimba mihogo, na mke wangu akawafundisha kuilowesha. Mihogo yetu ni ile michungu. Humenywa, hutiwa katika maji kwa siku kadhaa hadi ilainike, kisha huanikwa juani, hutwangwa, na ndipo tunapopata unga wa bukari. Yule binti wa miaka 15 anasoma sayansi. Akaanza kumweleza nyanya yake kwamba ndani ya mihogo hiyo imo sumu iitwayo sianidi, na kwamba huko Kwango, kusini-magharibi mwa nchi yetu, watu wanaujua ugonjwa uitwao konzo, ambao hupoozesha miguu ghafla wala hauponi. Huwapata hasa watoto na wanawake, wakati wa shida, watu wanapokula mihogo michungu ambayo haikuloweshwa vya kutosha na hawana chakula kingine cha kuujenga mwili. Nyanya alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza: "Na shuleni walikuambia utajuaje kwamba sasa inatosha?" Mtoto akasema siku tatu au nne. Nyanya akatikisa kichwa: "Katika joto la Kalemie, labda. Hapa kwetu, wakati huu wa baridi, maji hayahesabu siku kama wewe. Bonyeza kwa kidole. Kikizama bila kushindana, toa. Kikikataa, ngoja."

Tangu hapo wakawa wanakwenda pamoja kila asubuhi kubonyeza mihogo. Mmoja alijua kwa nini, mwingine alijua lini. Niliwatazama nikafikiri kwamba hakuna kati yao aliyekuwa mwalimu wa mwenziwe peke yake. Msidhani kwamba wazee wanawangojea mje kama vyungu vitupu. Njoni na mnayoyajua. Lakini mjue pia kwamba maarifa mengine hukaa katika ncha ya kidole, nayo hayapatikani kwa kuuliza maswali sebuleni. Hupatikana kwa kuutia mkono majini.

Vivyo hivyo ziwani. Niliteremka na wavulana hadi Moba kununua ndakala. Yule mdogo wa miaka 9 alitaka kujua kwa nini siku hiyo wachuuzi walikuwa wachache na bei imepanda. Sikumjibu. Nilimwambia asubiri usiku, atazame juu. Mwezi ulikuwa karibu kuwa mpevu. Wavuvi wetu huwavuta ndakala kwa taa katika usiku wa giza. Mwezi unapong'aa, samaki hawaikimbilii taa, na wavuvi hukaa nchi kavu wakitengeneza nyavu. Baada ya siku kumi mtoto huyo alimtangazia nyanya yake kwamba sasa ndakala watashuka bei. Nao walishuka. Alijiona mkubwa kuliko ziwa lenyewe, ambalo nilikuwa nimemwambia kwamba kina chake kinafika mita 1,470 na kwamba nchi nne hunywa maji yake.

Jumapili ya nne ya Julai ikafika. Mnajua kwamba tangu mwaka 2021, kwa agizo la Papa Fransisko, siku hiyo ni ya babu, nyanya na wazee wote, karibu na sikukuu ya Watakatifu Yoakimu na Anna. Vijana wa parokia yetu walifanya vizuri. Walituimbia, walitupa sabuni na sukari, walipiga picha pamoja nasi. Nilishukuru kwa moyo wote. Lakini niruhusuni niseme neno kwa upendo: kutembelewa ni kuzuri, na kufanya kazi pamoja ni kuzuri zaidi. Anayenitembelea huona uzee wangu. Anayeshika jembe kando yangu huona maisha yangu.

Ilipokaribia tarehe 1 Agosti niliwaambia wajukuu wanoe mapanga. Katika nchi yetu, kama mnavyojua, siku hiyo ni ya wazazi: asubuhi tunakwenda makaburini kuwasafishia waliolala, na mchana tunakula pamoja na wazazi walio hai. Mjini Kalemie na Lubumbashi wanangu hawana kaburi la kusafisha, kwa hiyo wajukuu waliijua siku hiyo kwa upande wa chakula tu.

Makaburi ya watu wa kawaida katika nchi ya mchwa yana shida yake. Saruji ni ghali, hivyo tunaweka misalaba ya mti. Mchwa huila kwa chini, kisha moto wa kiangazi hupita juu. Baada ya miaka michache hakuna msalaba wala jina. Kuna kijilima kidogo tu cha udongo, nacho mvua hukisawazisha. Siku ile tulikuta msalaba mmoja tu wa ukoo wetu umesimama, nao ulianguka nilipougusa. Nikaanza kuwaonyesha: kutoka kwenye ule mwembe, hatua kumi na nne, hapa amelala baba yangu. Hatua tatu kushoto, mama yangu. Pale penye kichuguu, kaka yangu. Na hapa, katikati ya babu na nyanya yake, pamelala mtoto wetu wa pili, aliyekufa kwa surua kabla hajatimiza miaka miwili.

Wajukuu walinyamaza. Hawakujua kwamba baba zao walikuwa na ndugu huyo. Nyumbani kwetu jina lake halikuwa limetamkwa kwa zaidi ya miaka arobaini. Halikukatazwa na mtu. Ni kwamba mama yake hakuwa na nguvu ya kulisikia, nasi tulimwachia hivyo. Mke wangu alikuwa amepiga magoti mbali kidogo, aking'oa nyasi, na hakugeuka.

Yule mkubwa akaniuliza kwa sauti ya chini: "Babu, ni nani mwingine anayejua mahali hapa?" Nikamjibu ukweli: ni mimi na nyanya yako. Mwanangu aliye Kalemie ameniomba mara nyingi nihamie kwake, na magoti yangu yanamuunga mkono. Siku nitakapokubali, au siku nitakapoitwa kwingine, mwembe huo utabaki, lakini hakutakuwa na mtu wa kuhesabu hatua.

Basi wakafanya kazi kwa njia yao. Binti alichora ramani katika daftari, na mwembe, na kichuguu, na idadi ya hatua. Kisha akawapimisha wenzake wote, kwa sababu hatua ya mtoto wa miaka 9 si hatua ya babu. Mvulana mkubwa akatoa simu. Nilimwambia kwamba huko hakuna mtandao. Akanieleza kwa heshima kwamba simu hupokea alama za satelaiti moja kwa moja kutoka angani, na kwamba inaweza kujua mahali ilipo hata pasipo mtandao. Akaweka alama ya kila kaburi. Nilifurahi, na hata hivyo nikawaambia: chombo hicho kimehifadhi mahali, lakini bado hakijui ni nani aliyelala hapo. Tukaketi chini ya mwembe, nikawasimulia juu ya kila mmoja: baba yangu aliyekuwa mkali kwa wanawe na mpole kwa mbuzi, mama yangu aliyeweza kukisia mvua kwa kunusa, kaka yangu aliyenilipia karo ya shule kwa kuuza samaki. Juu ya mtoto sikusema mengi. Si mimi niliyestahili kuanza.

Wazo la matofali lilitoka kwa yule wa miaka 12, aliyekuwa hazungumzi sana. Kiangazi ndicho majira ya kufyatua matofali, kwa kuwa hakuna mvua ya kuyaharibu, na jirani yetu alikuwa akijiandalia tanuru. Mtoto huyo alikuwa akishinda huko, akikanyaga udongo kwa miguu pamoja na wafyatuaji. Jioni moja akasema: "Mchwa hawali tofali. Na tofali limekwisha kuchomwa. Moto utalifanya nini tena?" Tukatazamana, watu wazima wawili, tukacheka. Siku iliyofuata nilikwenda kumwomba jirani nafasi ya matofali manane katika tanuru lake. Alikataa malipo. Alisema tu kwamba, kama kazi itafanikiwa, watoto wangu wamfundishe na wa kwake, kwa maana yeye pia ana watu wake kule.

Waliuchanganya udongo, wakaujaza katika kalibu, wakayatoa matofali yakiwa bado laini. Kisha, kwa msumari, wakaanza kuandika majina. La baba yangu, la mama yangu, la kaka yangu. Ilipofika zamu ya mtoto, yule mjukuu aliyeshika msumari alisita. Akamgeukia mke wangu, aliyekuwa akichambua sombe kando yetu, akauliza kama anavyouliza mwanafunzi mwema: "Nyanya, linaandikwaje?"

Mke wangu aliweka sombe chini. Alifuta mikono kwa kitenge chake, akachukua msumari, akaandika mwenyewe, herufi moja baada ya nyingine, kwa mwandiko aliojifunza utotoni. Alipomaliza alilisoma jina hilo kwa sauti. Kisha akarudia, kwa sababu yule mdogo hakusikia vizuri. Sitaliandika hapa, ni la nyumba yetu. Lakini usiku ule, tukiota moto, aliwasimulia watoto habari zake: jinsi alivyopenda kufuata kuku, jinsi alivyokataa kulala bila kushika sikio la mama yake. Mimi mwenyewe nilikuwa nimesahau habari ya sikio.

Matofali yalikaushwa kivulini wiki mbili, yakaingia tanuruni, yakachomwa kwa kuni mchana na usiku, kisha tanuru likaachwa lipoe. Kati ya manane, mawili yalipasuka, kwa kuwa herufi zilichimbwa kwa kina mno. Lakini tulikuwa tumefanya mawili kwa kila jina, kama fundi alivyotushauri, na kila jina likapata angalau tofali moja zima. Siku tatu kabla ya safari yao tulikwenda kuyaweka, nusu ndani ya ardhi, nusu nje. Sikuhesabu hatua. Nilimwachia binti atangulie na daftari lake, nami nikafuata nyuma. Alifika mahali penyewe, kaburi moja baada ya lingine, bila kuniuliza.

Ndugu vijana, sikuwasimulia haya ili mfikiri kwamba nyumba yangu ni ya mfano. Kuna siku wajukuu waligombana, kuna siku mkubwa alishinda kilimani akitafuta mtandao, na kuna bukari moja iliyoungua hata kuku wakaikataa. Nimeyasema kwa sababu ya jambo moja. Wahenga husema: penye wazee haliharibiki neno. Ni kweli, lakini neno huharibika siku mzee anapoondoka kama hakuna kijana aliyekaa karibu naye muda wa kutosha. Na muda wa kutosha si mchana mmoja wa sherehe. Ile habari ya sikio haikutoka kwa swali la babu wala kwa mahojiano yenye kalamu na karatasi. Ilitoka kwa sababu watoto walikuwepo wiki tano, mikono yao imejaa udongo, na mmoja wao alihitaji kujua jinsi jina linavyoandikwa.

Kwa hiyo likizo kubwa ikifika, mkipewa nafasi ya kwenda kwa wazee wenu, nendeni, hata kama huko kuna baridi na simu hazifanyi kazi vizuri. Mkifika, msikae kama wageni zaidi ya siku mbili. Ombeni jembe, au mchi, au ndoo. Chukueni mnayoyajua kutoka shuleni mkayaweke kando ya wanayoyajua wao. Kabla ya tarehe 1 Agosti waulizeni walikolala watu wenu, mwende pamoja, mhesabu hatua kwa miguu yenu wenyewe. Na ninyi ambao wazee wenu wako mbali mno, au hawapo tena, tazameni katika mtaa wenu: yuko mzee ambaye wajukuu wake hawakuja mwaka huu, na shamba lake lina magugu.

Katika vikundi vyenu, mnaweza kuanza kwa swali hili dogo: kila mmoja ataje majina manne ya babu na nyanya zake, kwa baba na kwa mama, na mahali kila mmoja wao anapoishi au alipolala. Atakayekwama asione haya. Aandike mahali alipokwama, na hiyo ndiyo kazi yake ya likizo.